Kikombe cha Mwenye Dele

Nimezaliwa chini ya mibuni, na nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu kabla sijaonja kahawa. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka, hudhani nawatania. Lakini ndivyo tulivyokuwa huko Kibosho wakati wa Mwingereza. Kahawa tuliipanda kivulini mwa migomba, tukaipalilia, tukaichuma, tukaimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, tukaiosha kwa maji ya mfereji, tukaianika, tukaibeba kichwani kuipeleka kwenye chama cha ushirika. Huko ndiko habari zake zilikoishia. Ukiwa mtoto ulifyonza utamu wa ganda jekundu ukatema mbegu, na ole wako mama akuone umeitema mahali ambapo haiwezi kuokotwa. Kuinywa hakukumjia mtu akilini. Mama yangu alisema kahawa ni ya kupeleka na mbege, pombe yetu ya ndizi, ni ya kunywa, na mtu anayechanganya vitu hivyo viwili apelekwe kwa masista akapimwe homa.

Kwa hiyo ninaposema kwamba mke wangu, mtu wa mlimani kama mimi, ndiye aliyepika kahawa iliyopendwa kuliko zote karibu na soko la Moshi, nasema jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi, na shukrani zangu huanzia kwenye baraza alikoipikia.

Mimi nilisomeshwa na mapadre nikafundisha katekisimu kijijini kwetu kwa muda. Kisha niliteremka mjini kutafuta kazi ya mshahara, nikapata ya kushona midomo ya magunia kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Tulilala kambini, kwenye vyumba vya mabati vya wanaume watupu. Mke hakuruhusiwa kukaa huko hata siku moja. Wangu alibaki na mama yangu kwenye kihamba chetu, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni nililoachiwa na baba. Jumamosi kazi ikifungwa mchana, napanda mlima. Jumapili tunakwenda Misa pamoja, tunakula, na jua likianza kuinama nateremka tena. Wenzangu kambini waliniita mume wa Jumapili. Nilicheka nao, maana wengi wao walikuwa hivyo hivyo, lakini nikiwa peke yangu kwenye ule mteremko sikucheka. Mke wangu naye hakulalamika. Siku moja tu, akinifungia ndizi za kubeba, aliniuliza bila kuniangalia, "Hivi ukiumwa katikati ya wiki, nani anakupa maji?"

Niliteremka na swali hilo mpaka mjini.

Jioni, baada ya kazi, nilikuwa nikimshonea magunia mzee mmoja Mwislamu aliyenunua ngozi. Baba yake alifika huku na misafara ya zamani kutoka Tabora, mama yake alikuwa mtu wa Pangani, na yeye mwenyewe alizaliwa Moshi, akasema Kichaga cha kununulia ngozi na si zaidi. Nyumba yake ilitazama njia ya sokoni, ikiwa na baraza refu la saruji ambalo miaka mingi lilikuwa mahali pa kahawa. Mpishi wa kahawa alikuwa rafiki yake wa utotoni, na macho yake yalipofifia watoto wake walikuja kumchukua wakamrudisha pwani. Tangu hapo baraza lilikaa kimya. Mzee hakuupenda ukimya ule.

"Wewe mtu wa Kibosho," aliniambia jioni moja, "una mke?"

"Ninaye, mzee."

"Yuko wapi?"

"Mlimani."

"Mke yuko mlimani, mume yuko kwenye mabati. Na mimi nina chumba kitupu na dele limepoa. Mungu katupangia nini hapo?"

Dele ni lile birika la shaba lenye mdomo mrefu kama wa ndege, ambamo kahawa ya watu wa pwani hupikwa. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema. Chumba cha nyuma kilikwenda pamoja na dele: anayepika kahawa ndiye anayekaa chumbani. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, naye alitupa mpaka Idi. Siku hiyo watu wakitoka kuswali wakaketi barazani kwake kama zamani, wakanywa, tungekaa. Baraza likiwa tupu, chumba angempa fundi viatu aliyekuwa akikiomba kila wiki. Nikaenda kukitazama. Mlango ulikuwa umevunjika bawaba ya chini, na ili kuufungua ilibidi uuinue kwa mikono miwili na kuusukuma kwa bega, nao ukalia kama mbuzi.

"Na mlango huu, mzee?"

"Mlango nitautengeneza baada ya Idi. Nimtengenezee mtu ambaye sijui kama atakuwepo?"

Mama yangu alikubali kwa shingo upande. Alimwambia mke wangu, "Nenda. Ukishindwa, urudi kabla kahawa haijaiva, mikono yako naihitaji." Basi mambo yalikuwa wazi kwetu wote. Kahawa ikikubalika, tutaishi chini ya paa moja kama watu waliofunga ndoa. Ikikataliwa, yeye atarudi kihambani na mimi nitarudi kwenye mabati.

Aliyemfundisha ni bibi, mke wa yule mzee, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Mke wangu alinunua chenga, zile kahawa zilizovunjika ambazo wenye maduka waliuza rahisi, na bibi akaketi juu ya kigoda akimwelekeza. Zikaange polepole, usiache mwiko ukapumzika. Zikianza kutoa jasho, macho yako yasitoke hapo. Zikipata rangi ya chungu kikongwe, ziondoe, hata kama mtu anakuita. Zitwange zikiwa zimepoa, na tangawizi itwange peke yake. "Na usiiache ikachemka kwa kelele," alisema. "Ikianza kunong'ona, itoe motoni. Kahawa iliyopiga kelele ni ya kuoshea miguu."

Mimi niliponywa kwa mara ya kwanza nilidhani nimepewa dawa. Mke wangu alifumba macho akanywa mpaka mwisho, akakaa kidogo, akamnyooshea bibi kikombe ili atiliwe tena. Nilijua hapo kwamba mwenzangu amepata kazi.

Tulifungua Jumamosi mchana ili nami niwepo. Alikuwa ameufagia ua tangu alfajiri. Vikombe vidogo vyeupe visivyo na mkono alikuwa amevisugua kwa majivu vikang'aa. Mzee alikaa mahali pake penye kona, amevaa kofia mpya ya kufuma. Kando yake alikaa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtu mwembamba ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na wazee wengine wa mtaa wakaja wakajaza baraza. Wengine walikuja kwa kahawa, wengine kwa kutaka kumwona mwanamke wa Kichaga akishika dele.

Akalishika vizuri. Akamimina kikombe cha kwanza bila kumwaga tone, akapiga goti mbele ya mzee. Kisha, kabla ya kumpa, akakipeleka kinywani mwake akapiga funda moja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Lazima nieleze. Kwetu, anayekuletea mbege huonja kwanza, tena kutoka kwenye kata ile ile atakayokupa. Ndiyo heshima yenyewe. Asipoonja, amekutukana: ni kama amekuambia humo ndani kuna kitu. Mke wangu alikuwa amefanya hivyo mbele ya baba yake, mbele ya wakwe zake, mbele ya padre siku ya harusi yetu. Mkono wake haukujua njia nyingine ya kumpa mzee kinywaji.

Mzee alikitazama kile kikombe. Hakusema neno baya. Alikiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai, akasema, "Alhamdulillahi, nimetosheka," akaingia ndani. Fundi cherehani akajifuta mdomo ingawa hakuwa amenywa kitu.

"Mama," alisema, "huko kwenu na nyama mnatafuniana?"

Watu wakacheka, wakainuka mmoja mmoja. Kahawa ilibaki, nzuri kabisa, na harufu yake imejaa barazani, na hapakuwa na wa kuinywa.

Mke wangu hakulia. Aliosha vikombe vyote, vile visafi pia. Bibi akatoka akakaa naye, akamweleza kwamba kwa watu wa mjini kinywa cha mtu ni cha mtu, na mzee wake ni mwenye udhu na tahadhari nyingi, hata kikombe chake cha maji hakuna anayekigusa. "Basi sitaonja," mke wangu akasema. "Kumbe ni jambo dogo."

Halikuwa dogo. Jumatatu hakuonja, na fundi cherehani akaja, kwa kuwa alishindwa kuvumilia ile harufu, akanywa vikombe kadhaa akidai anaichunguza. Wengine wakamfuata. Lakini siku ya soko waliteremka watu wa mlimani, wakasikia mwanamke barazani anawasalimu kwa lugha yao, wakasimama kwa furaha. Aliwakaribisha, akawamiminia. Wakashika vikombe. Wakamtazama, wakangoja. Alikuwapo mzee mmoja wa Kibosho ambaye wote walimwita meku, yaani mzee, naye alikuwa akileta ndizi kwa punda. Huyo alimwambia kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga kitufe, "Mwanangu, hujaonja."

Mke wangu alitaka kuonja, akamwona fundi cherehani anamtazama, mkono wake ukasimama hewani. Meku akarudisha kikombe. Na wenzake wote wakarudisha.

Alinisimulia jioni hiyo. Tulikaa kwenye kizingiti cha ule mlango mbovu tukapiga hesabu, si ya fedha bali ya watu. Ramadhani ilikuwa inaingia. Mchana watu wa mtaa wangefunga, na wanywaji wa mchana wangekuwa watu wa mlimani peke yao. Jioni wangekuwa watu wa mtaa. Akionja anawapoteza hawa, asipoonja anawapoteza wale. Nilimwambia tumwachie Mungu. Akasema, "Mungu nimemwambia. Sasa anangoja nifikiri."

Jumapili tulikwenda Misa ya mjini. Wakati ule padre akisoma Misa kwa Kilatini akitupa mgongo, na yeye peke yake ndiye aliyekunywa kwenye kalisi. Mke wangu, ambaye siku zote aliinamisha kichwa wakati huo, nilimwona ameinua macho anatazama. Tulipotoka nje akaniambia, "Umeona? Padre hunywa kwanza, mbele ya watu wote, kwenye kikombe chake mwenyewe. Ndipo watu wanasogea."

Nilimwambia anyamaze, vitu vitakatifu si vya kufananisha na kahawa. Nilikuwa mwalimu wa dini, nililazimika kusema hivyo. Lakini njia nzima nilikuwa natabasamu.

Akanunua kikombe cha bati chenye ua jekundu, tofauti kabisa na vile vyeupe, ambacho mtu angekitambua hata akiwa upande wa pili wa njia. Siku ya soko iliyofuata meku alipopita na punda wake, mke wangu alimwita. Alilitoa dele motoni mbele yake. Akamimina kwanza kwenye kikombe chenye ua, akasimama wima, akanywa yote, akakigeuza kifudifudi ili waone kwamba hakikubaki kitu. Kisha akamimina kwenye vikombe vyeupe bila kuvikaribisha kinywani.

Meku alitafakari.

"Dele ni moja?"

"Ni moja, meku. Umeliona."

"Na aliyemimina ni wewe."

"Ni mimi."

Akawageukia wenzake, wakashauriana kidogo, kama baraza la wazee linaloamua kesi ya mpaka. Kisha akanywa. Uso wake ukakunjamana.

"Ndiyo hii Wazungu wanayoivukia bahari?"

"Ndiyo hii."

"Maskini," alisema meku. "Hawana ndizi." Akaomba kashata, akaitafuna, akanywa tena, na akakaa mpaka punda akachoka kungoja.

Basi Ramadhani ikaingia, na sijui niisimulieje kazi aliyoifanya mwezi ule. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, tukasali pamoja, mimi nikaenda kiwandani na yeye akawasha mkaa. Alichota maji, akakaanga, akapoza, akatwanga. Kutwanga kwake kulikuwa na mwendo, kuzito, kwepesi, kuzito, na majirani walisema walijua saa kwa kinu chake. Mzee alimruhusu kuuza mchana kwa wasiofunga, ila kwa masharti ya kutundika mkeka mbele ya baraza, ili waliofunga wasitiwe majaribuni. Mke wangu alitundika mikeka miwili. Nyuma ya mikeka hiyo walikaa wapagazi wa stesheni, walimu waliotoka Machame kununua chaki, watu waliongoja lori la Himo, wenye mashamba kutoka Shirimatunda, na wateremkao mlimani siku za soko. Kila dele jipya likitoka motoni alionja mbele yao, na kila jioni alikuwa akiniambia kwamba moyo wake unakimbia kama umefukuzwa.

Jioni aliitoa mikeka, akafagia upya, akaosha vikombe kwa maji ya moto. Bibi alimfundisha kukanda kaimati, akazipika kwa ajili ya futari ya wazee. Hakukosea saa hata siku moja. Adhana ya magharibi iliposikika, dele lilikuwa linanong'ona. Hata kwa wale alionja kwanza kwenye kikombe chake chenye ua. Fundi cherehani aliuliza kwa nini. Akamjibu, "Ili ujue kwamba nikikuua tutakufa wote." Fundi alicheka kicheko cha kweli, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wake. Mgeni akikosea akanyoosha mkono kabla mwenye dele hajanywa, fundi ndiye aliyemkaripia: "Ngoja, bwana. Hapa kuna utaratibu."

Nilimtazama na nikajifunza. Mimi nilikuwa nimefundisha watu upendo wa jirani kwa kuwakaririsha majibu. Yeye aliwaketisha majirani waliokuwa wakipishana njiani bila kusalimiana, akawapa kitu kimoja cha kunywa, na kila mmoja akainuka na heshima yake kamili.

Mtu mmoja tu hakunywa. Mwenye baraza mwenyewe. Alikaa kwenye kona yake kila jioni, akapokea salamu, akacheka mazungumzo yakichekesha, lakini kahawa yake aliletewa na bibi kutoka ndani. Hakumkasirikia mke wangu. Alimwita mwanangu, alimwuliza habari za mlimani. Ila hakunywa. Na wazee wa mtaa, hata walipokuwa wakinywa, walimtupia jicho. Ilijulikana kwamba baraza ambalo mwenyewe hanywi bado halijawa baraza. Fundi viatu naye alikuwa akipita, akichungulia chumba chetu kwa mbali. Mke wangu alimwona. Rozari yake jioni ikawa ndefu.

Idi iliangukia siku ya soko. Niliomba ruhusa kiwandani nikapewa. Asubuhi ile mke wangu alikuwa amepauka kidogo. Nilimwuliza, akasema ni uchovu wa mwezi mzima. Alisaga viungo zaidi, akavaa kitenge chake cha kanisani, akalipanga baraza kama altare. Watu wakatoka kuswali wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, wananukia udi, wanakumbatiana, na kweli wakaja, wakajaa, wakasimama mpaka chini ya ngazi. Kutoka upande wa pili akafika meku na wenzake na mizigo yao, wakakaribishwa wakasogezewa mkeka. Mzee alikaa konani mwake. Nilimshukuru Mungu moyoni kabla ya wakati.

Mke wangu akatoa dele motoni. Akamimina kwenye kikombe chenye ua jekundu, akasimama wima kama siku zote, akakipeleka kinywani. Midomo yake iligusa. Nikaona uso wake unabadilika, jasho linamtoka juu ya mdomo. Akakiweka kile kikombe kwenye sinia kikiwa kimejaa, akafunika kinywa kwa ncha ya kitenge, akakimbilia uani. Tukamsikia akitapika.

Meku aliinuka polepole, akauchukua mkongojo wake, na wenzake wakainuka pamoja naye. Akasema kitu kwa Kichaga. Fundi cherehani akaniuliza amesema nini, nikashindwa kumwambia. Alikuwa amesema, "Mwenye kahawa ameikataa kahawa yake." Watu wa mjini hawakuielewa lugha lakini waliyaelewa macho, na mmoja aliyekuwa ameshika kikombe cheupe akakirudisha kwenye sinia. Kule njiani alikuwa amesimama fundi viatu, naye amevaa kanzu yake ya Idi.

Kisha dirishani nyuma yetu kikasikika kicheko cha bibi.

"Wanaume mmekaa kama mmeona jini," alisema. "Mtoto wa watu ana mimba. Mimi nimejua tangu wiki iliyopita alipoikimbia harufu ya samaki."

Mimi sikuwa najua. Niliketi pale, na nadhani nilikuwa nimefungua kinywa. Watu wakaanza kucheka na kunipa mikono. Lakini wa mlimani walikuwa bado wamesimama. Walifurahi, walimtaja Mungu, ila kwao habari ya mimba ilikuwa habari moja na dele lile lilikuwa habari nyingine. Hakuna aliyekuwa amelionja. Nikanyoosha mkono ili nikinywe mimi kile kikombe.

Mzee alinitangulia. Aliinuka kutoka konani kwake, akaikunja mikono ya kanzu, akakichukua kikombe cha bati kutoka kwenye sinia. Ukingo wake ulikuwa na alama ya unyevu mahali mke wangu alipogusa. Mzee aliiona, nilimwona akiiona. Akasema bismillahi, akanywa hapo hapo, yote, bila kupumzika. Kisha akakigeuza kifudifudi juu ya kiganja chake na kukizungusha ili watu wa pande zote waone.

"Dele ni langu na baraza ni langu," alimwambia meku kwa kile Kichaga chake cha kununulia ngozi. "Nimeonja. Keti unywe, mzee mwenzangu. Leo ni sikukuu."

Meku alimtazama, akakitazama kikombe, akalaza mkongojo wake chini.

"Ni chungu sana?" akamwuliza.

"Imezidi tangawizi," mzee akajibu. "Mimba hiyo."

Wakaketi wote. Mimi ndiye niliyemimina asubuhi ile, nikamwaga nyingi, na fundi cherehani akasema hadharani kwamba mume akapewe sindano yake ya magunia arudi kazini. Mke wangu alirudi amenawa uso, akasimama mlangoni akaona kikombe chake kimefudikizwa juu ya sinia. Akaniuliza kwa macho ni nani. Nikamwonyesha kwa kidevu. Mzee alikuwa amegeukia upande wa pili, anazungumza na meku bei ya ngozi.

Kuhusu chumba hakutuambia neno, si siku ile wala ya pili yake. Tulikaa tukingoja kuambiwa, na hatukuthubutu kuuliza. Siku ya kwanza ya kazi niliporudi jioni nikiwa na vumbi la magunia, niliukamata ule mlango kwa mikono miwili, nikauinua kama nilivyozoea, nikausukuma kwa bega. Ulikuwa umetiwa bawaba mpya. Ukafunguka kwa wepesi bila kulia, nikaingia kwa kasi nikaanguka kifudifudi kitandani, na mke wangu, aliyekuwa ameketi pale akichambua chenga, akacheka mpaka bibi akaja kuuliza kuna nini.